Mapigo ya Akiba

Mama yake alinifungulia mlango, akanitazama kuanzia viatu hadi begi nililolikumbatia kifuani, kisha akageuka bila kusema karibu. Nilijikaribisha mwenyewe. Katika nyumba ile nilikuwa nimezoea kujikaribisha.

"Shikamoo mama," niliusalimia mgongo wake.

"Marahaba. Yuko sebuleni. Usimchoshe."

Usimchoshe. Utadhani mimi ni gunia la kubebeshwa mtu. Lakini nilimeza. Mwanamke anayetaka kuolewa hujifunza kumeza mapema, na mimi nilikuwa nimebakiza siku nane tu. Jumapili ya wiki iliyofuata mama huyu na wazee wao walikuwa waje kwetu kupanga siku ya harusi. Baba yangu alikuwa ameshapaka rangi geti.

Chuki yake ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe sikuwa na ubavu wa kuipinga. Miezi minane nyuma mwanawe, mchumba wangu, alikuja kunisaidia kuhamisha spika yangu kubwa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ngazi za nje zinateleza, akaniambia tusubiri zikauke. Mimi kusubiri siwezi, nilizaliwa hivyo. Nikamwambia, "Acha uvivu, beba." Aliteleza ngazi ya tatu kutoka juu. Spika haikupata hata mkwaruzo. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjika vipande vitatu, na daktari alipomaliza kukiunga, vidole vilikataa kushika kitu chochote chembamba kuliko kikombe.

Ningependa aliyevunjika awe mtu mwingine yeyote. Huyu alikuwa mpiga drams wa bendi yetu. Alikuwa akishika vijiti viwili tangu ana miaka tisa, na bendi nzima ilimwita Kijiti, kwa kazi yake na kwa wembamba wake vilevile. Mimi ndiye mwimbaji. Waliniita Meno kwa sababu mchana ninatengeneza meno ya bandia kwenye maabara ya daktari wa meno. Meno na Kijiti, basi utani haukwisha.

"Mkono wa mwanangu umebaki kwenye ngazi za watu," mama yake aliwahi kumwambia jirani, nami nipo nasikia. Alitaka nisikie.

Sebuleni Kijiti alikuwa ameketi kwenye kochi na mto magotini. Aliponiona aliusukuma mto pembeni haraka, kama mwanafunzi aliyekutwa na kitabu kisicho cha somo. Niliona kitambaa cha mto kimechakaa katikati, nyuzi zimesimama. Juu ya kochi kulikuwa na ukanda mrefu wa kitambaa cheupe. Nikadhani ni bandeji ya mazoezi aliyopewa hospitali, sikuuliza.

"Umekonda," nilimwambia.

"Nimekonda wapi? Mama ananilisha kama ng'ombe wa maonyesho."

"Basi anakulisha nyasi."

Alicheka, akasogea nipate nafasi. Nilikaa karibu naye kuliko heshima ya nyumba ilivyoruhusu. Kijiti akinitazama huwa ananitazama mabega kwanza, kisha macho, na hilo nalo lina sababu yake. Usiku wa kwanza kuimba na bendi niliogopa mpaka nikasahau kupumua, nikaingia kwenye kiitikio sina hewa, sauti ikakatika mbele ya ukumbi mzima. Wiki iliyofuata, kabla tu ya kiitikio, nilisikia nyuma yangu pigo moja dogo kwenye ukingo wa snea, ile ngoma ndogo ya katikati. Tik. Nikavuta pumzi bila kujua. Nilipogeuka alikuwa ananitazama mabega. Hatukulizungumza kwa mwezi mzima. Miaka mitano alinigongea pigo lile, na hakuna mtu mwingine katika bendi aliyewahi kuligundua. Huyo ndiye mwanamume niliyempenda. Wengine walipewa maua, mimi nilipewa pumzi.

"Kuna nini kwenye begi?" aliuliza.

"Zawadi yako. Ila nisikilize kwanza, usinikate."

"Lini nikakukata? Wewe hukatiki."

Nilitoa laptop, nikaiweka juu ya meza mbele yetu, nikaunganisha spika mbili ndogo. Nilikuwa najichekea mwenyewe kwa furaha. Nalisema hilo wazi, kwa sababu baadaye mengi yalisemwa juu yangu: nilikwenda pale na furaha, na sikuwa na kitu kingine moyoni.

"Kesho asubuhi bendi inarekodi," nilianza.

"Najua."

"Wimbo wetu."

"Najua, Meno."

"Kiongozi alitaka kuita mpiga drams mwingine. Yule wa hotelini, anayetafuna bigijii. Nikamwambia hapana, mtu hakai kwenye kiti cha Kijiti nikiwa hai. Nipe wiki mbili, drams nitaleta mimi. Unakumbuka ile Jumapili ya magodoro?"

Alikumbuka. Niliona kwenye macho yake kwamba alikumbuka kila kitu. Miaka miwili nyuma tuliziba madirisha ya chumba changu kwa magodoro, tukarekodi ngoma zake moja moja. Pigo moja, kimya, pigo lingine. Snea peke yake aliipiga mara thelathini, kuanzia mguso hadi pigo la kuamsha mtaa.

"Piga polepole," nilimwambia siku ile. "Zaidi. Kama unamgusa mtoto aliyelala na hutaki aamke."

"Na hili?"

"Ameamka."

Alicheka mpaka rekodi ikaharibika, tukaanza upya. Tulipofika pigo la mia na ishirini giza lilikuwa linaingia, jasho linamtiririka, akaniuliza haya yote ya nini. Nikamwambia ni akiba, na akiba haiozi. Akasema basi na yeye aniweke akiba, akaniuliza kama nitaolewa naye. Aliuliza hivyo hivyo, kijiti kimoja kikiwa bado mkononi.

"Nimeyatumia," nilimwambia sasa. "Yote mia na ishirini. Tazama."

Nilifungua programu ya kurekodia, nikamwonyesha. Kila mzunguko wa wimbo umegawanywa visanduku kumi na sita. Unabofya kisanduku, ngoma inalia hapo. Ngoma ya mguu cha kwanza na cha tisa, snea cha tano na cha kumi na tatu, matoazi unayamwaga katikati, na kwa dakika tano una mdundo. Mtoto anaweza. Lakini ni mdundo wa mashine, kila pigo lina nguvu ile ile na kila pigo liko mahali pake bila lawama. Hilo nalijua kutoka kazini. Ukipanga meno ya bandia yakanyooka yote, mgonjwa akitabasamu watu wanaona plastiki. Lazima jino moja uligeuze kidogo, lingine ulishushe, ndipo mdomo unakuwa wa mtu.

"Wiki mbili, kila nikitoka kazini," nilisema. "Nilichukua rekodi zetu za zamani za ukumbini, nikawa nasikiliza ulivyopiga, nasogeza pigo moja moja. Hili mbele kidogo. Hili nyuma. Hili lipunguze nguvu, Kijiti hapa huwa amechoka. Hili liongeze, hapa huwa anajisikia."

"Mimi huwa najisikia?"

"Mzunguko wa kumi na mbili, kila siku. Sikiliza."

Nikabonyeza.

Nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Chumba kilijaa. Mguu wake wa kulia ulianza kukanyaga zulia wenyewe, mdomo ukafunguka kidogo.

"Huyu ni mimi," alisema taratibu.

"Ni wewe."

"Hapo nimechelewa."

"Hapo unachelewa siku zote. Kwa unywele mmoja. Nimekuchelewesha kwa unywele huo huo."

Alitabasamu. Niliona lile tabasamu, nikadhani kazi imekwisha. Wimbo ukafika mzunguko wa thelathini na mbili, mwisho wa ubeti, na kabla ya kiitikio, kwenye kisanduku cha kumi na sita, lile pigo dogo la ukingoni likalia. Tik. Mabega yangu yalipanda yenyewe, nikavuta pumzi. Nikamgeukia nione kama amelisikia, na tabasamu halikuwepo tena.

Ndipo mlango wa uani ukafunguliwa kwa kishindo.

Mama yake aliingia mbio, mikono ina povu la sabuni mpaka viwikoni. Uso ule sikuwa nimewahi kuuona. Ulikuwa wa mwanamke mwingine kabisa, kijana, mwenye machozi na kicheko kwa wakati mmoja. Alinipita kama sipo, akamwendea mwanawe na mikono yake miwili mbele.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tu, baba. Nani amekufunga? Umejifunga mwenyewe?"

Drams zilikuwa zinaendelea. Zilikuwa zimeingia kiitikio, matoazi yanamwagika, na Kijiti amekaa, viganja vyake vyote viwili viko juu ya magoti. Mama yake alivitazama viganja. Akatazama ukanda mweupe uliokuwa bado juu ya kochi. Akatazama laptop, na mwisho akanitazama mimi. Povu lilikuwa linadondoka juu ya zulia.

"Hakuna mtu, mama," Kijiti alisema. "Ni kompyuta."

Nilipapasa kitufe cha kuzima, nikakikosa, nikakipata mara ya pili.

"Kufungwa nini?" niliuliza. "Mama, kufungwa nini?"

"Mama, basi," Kijiti alisema.

"Basi nini? Ajue." Mama yake alijifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Kila asubuhi namfunga mwenzio kijiti mkononi. Miezi mitatu sasa. Vidole havishiki, basi tunavifunga kwa hicho kitambaa, anapiga huo mto ili majirani wasisikie. Mimi nafua, yeye anapiga. Wimbo huo huo wenu. Ameniapisha nisikwambie. Mimi nikasema, mwanangu, si haki huyo binti kufichwa kitu hiki. Akasema subiri mama, nitakwenda siku ya kurekodi nikae kwenye kiti changu, nione atafanya uso gani."

Nilimtazama Kijiti. Alikuwa anatazama mto.

"Kesho?" nilimuuliza. "Ulitaka kuja kesho?"

"Nilitaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungekuja hapa na stopwachi. Nakujua. Ungesema leo umefika hapa, kesho tufike pale. Nilitaka nikija, nije nimeweza."

"Miezi mitatu unanificha?"

"Na wewe wiki mbili. Tumelingana."

"Hatujalingana. Mimi nilikuwa nakulindia kiti."

"Umekilinda vizuri. Nani mwingine amesikia?"

Hapo nikaanza kukunja nyaya za spika. Mimi, mwanamke asiyekatika, nikajishughulisha na nyaya.

"Meno. Nani amesikia?"

"Kiongozi. Jumatano. Ilibidi ajue kama zinafaa."

"Peke yake?"

"Na mpiga gitaa. Na mpiga besi alikuwepo."

"Yaani bendi nzima." Alitikisa kichwa taratibu, akacheka kicheko kikavu. "Wakasemaje?"

"Walifurahi. Kiongozi alisema ni wewe mtupu."

"Alisema nisihangaike kuja tena?"

"Hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

Alisema, "Hapo sasa, mwambie apumzike, hatuna haja ya kumsumbua tena." Nilikuwa nimelichukulia kama neno la upole. Nilipolirudia pale sebuleni, mbele ya mama yake, nililisikia mwenyewe lilivyo.

"Basi mimi ni wa mwisho kuarifiwa msiba wangu," Kijiti alisema.

"Usiseme hivyo."

"Wamezika Jumatano, wewe umeniletea matanga leo Jumamosi. Na spika mbili."

Hasira yangu ina tabia mbaya: ikija haibishi hodi. Nilikuwa nimekosa, najua, na mtu aliyekosa ndiye hupandisha sauti kwanza. Wiki mbili macho yananiuma, miezi minane nalaumiwa kwa ngazi zile, nikatazama ule mto uliochakaa, na badala ya kulia nikasema neno ambalo mpaka leo ningelipa chochote kulirudisha.

"Sawa. Kama unaweza, nipigie. Sasa hivi. Ukimaliza kiitikio cha kwanza tu, nafuta hii yote mbele ya macho yako, na kesho unakwenda wewe."

"Binti," mama yake alisema.

"Mwache, mama," Kijiti alisema. "Nifunge."

Mama yake alichukua ukanda, akapiga goti mbele ya mwanawe, akachomoa vijiti chini ya kochi. Aliweka kimoja kwenye kiganja cha kulia, akakunja vidole kimoja kimoja juu yake, akazungusha kitambaa mara nne, akapiga fundo kwa meno. Alifanya bila kutazama, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nikaelewa kwamba asubuhi hizo zote ambazo mimi nilikuwa nasema mama huyu ana roho ngumu, alikuwa amepiga magoti pale.

Kijiti aliweka mto magotini. "Imba," aliniambia.

Niliimba kwa sauti ya chini. Mizunguko minne ya mwanzo alikuwa yeye. Naapa alikuwa yeye, hata ule unywele wa kuchelewa ulikuwepo. Moyo wangu ukaanza kufurahi kwa kasi, nikawa nasema kimyakimya, nifute, Mungu wangu, nifute yote. Mzunguko wa tisa kijiti kikaanza kuteleza ndani ya kitambaa. Alikibana kwa kidole gumba, akaendelea. Mzunguko wa ishirini hakuwa tena amechelewa kwa unywele, alikuwa amepotea na kurudi, amepotea na kurudi, jasho limemjaa usoni kama ile Jumapili ya magodoro. Mimi niliendelea kuimba. Nilipunguza mwendo ili anifikie. Alitambua kwamba nimepunguza, niliona kwenye macho yake kwamba ametambua, na hilo lilimuumiza kuliko kijiti.

Tukafika mwisho wa ubeti. Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha. Lakini wa kushoto, mzima, ukasogea pembeni ya mto, juu ya ubao wa kochi, na kwa wakati wake kamili ukagonga.

Tik.

Nilivuta pumzi, nikaingia kwenye kiitikio, na nilipoingia nilikuwa peke yangu. Kijiti cha kulia kilikuwa kimedondoka chini ya meza. Niliimba maneno manne nikanyamaza.

Mama yake alikiokota, akakifuta kwenye kanga ingawa hakikuwa na vumbi.

"Kompyuta inapiga vizuri kuliko mimi," Kijiti alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umeimba hivyo. Ulipunguza mwendo."

"Nilikuwa nakusubiri."

"Wewe hujawahi kusubiri kitu maishani mwako. Siku uliyopaswa kusubiri, hukusubiri."

Miezi minane hakuwa amewahi kulitaja. Hospitali alikuwa akinifariji mimi, anasema ni ajali, ngazi ni ngazi. Sasa lilikuwa limetoka, nalo lilitoka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa.

"Kijiti, nisamehe," nilisema. "Naifuta. Tazama, naifuta."

"Usifute. Kesho mtaimba na nini? Lete hiyo mashine huku."

Nilimsogezea. Alifungua fundo la kitambaa kwa meno, akashika mausi kwa mkono wa kushoto, kwa shida, mshale unakimbia huku na huku juu ya skrini.

"Lile pigo la ukingoni," alisema. "Jumapili ile hatukulirekodi. Ulilitoa wapi?"

"Nilichukua pigo lako dogo kuliko yote. Nikalipunguza tena."

"Liko wapi?"

Nilimwonyesha. Mzunguko wa thelathini na mbili, kisanduku cha kumi na sita. Alilitafuta, akalikosa, akalitafuta tena. Nilitaka kuushika mkono wake niuongoze, nikaogopa.

"Yako mangapi?"

"Matatu. Kabla ya kila kiitikio."

Alilibofya la kwanza, likafutika. Akaenda la pili. La tatu lilimchukua muda, mshale uligonga kisanduku cha jirani mara mbili, na mimi na mama yake tulikaa tukitazama kama watu wanaotazama mtu akivuka barabara kubwa. Likafutika.

"Hayo mengine wape bendi," alisema. "Niliyapiga, mkarekodi, ni akiba, hamjaniibia. Hili sikuliweka akiba. Hili nilikuwa nakupa wewe, siku ile ile, nikikuona mabega. Kompyuta haikuoni mabega."

"Nisingeweza kuingia bila hilo."

"Utajifunza. Mimi pia najifunza." Aliifunga laptop kwa upole, akanirudishia. "Na Jumapili ijayo, nyumbani kwenu waambie wasitungoje."

"Baba," mama yake alisema. "Usimwambie hivyo mtoto wa watu."

Nilimgeukia. Ndiyo, ni yeye aliyesema, mwanamke ambaye kwa miezi minane alikuwa akiniombea njia ya kutokea. Alikuwa amekaa chini kwenye zulia, ukanda umezunguka vidoleni mwake.

"Mama, msindikize," Kijiti alisema. Hakunitazama macho wala mabega.

Nikabishe? Nilikuwa na maneno mengi, mimi si haba kwa maneno. Ningeweza kumwambia nampenda na mkono au bila mkono, na ingekuwa kweli, lakini nilikuwa nimekuja nyumbani kwake na spika mbili kumthibitishia kwamba mkono wake nimeshauhamishia kwenye kompyuta. Nikavua pete yake ya uchumba, nikaiweka juu ya mto uliochakaa. Hakuirudisha.

Mlangoni mama yake alinishika kiwiko. Mkono wake ulikuwa bado una ubaridi wa maji.

"Karibu tena, mwanangu," alisema.

Miaka mitano ya kuingia na kutoka katika nyumba ile, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniambia karibu.

*

Kesho yake saa tatu asubuhi nilisimama katika chumba cha kurekodia, hedifoni masikioni. Kiongozi wa bendi alikuwa nyuma ya kioo, amenawiri. Alikuwa amezisikia drams tena, akawa anampigapiga mpiga besi begani. Laptop yangu ilikuwa mezani karibu yangu, imeunganishwa na mitambo yake.

Nikaimba ubeti wa kwanza. Ukaenda vizuri. Mzunguko wa thelathini ukapita, wa thelathini na moja, wa thelathini na mbili. Mabega yangu yalingoja. Kiitikio kikafika na mimi bado nangoja, nikaingia nimechelewa, sina hewa, sauti ikakatika pale pale ilipokatika miaka mitano nyuma.

"Meno, umelala?" kiongozi aliuliza. "Tena."

Tukarudia. Nikakatika.

"Tena."

Mara ya nne aliuliza kama ninaumwa. Nikamwambia anipe dakika. Nilifungua programu, nikapeleka mshale kwenye kisanduku cha kumi na sita. Kilikuwa cheupe, kitupu, katikati ya vingine vyote vilivyojaa. Pigo lile dogo bado lilikuwa kwenye orodha pembeni, chini kabisa, mahali nilipolihifadhi. Kubofya mara moja tu na lingerudi, na katika dunia nzima hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi na mtu mmoja aliyekaa kwenye kochi na mto magotini. Mshale ulikaa pale muda mrefu. Kiongozi aligonga kioo.

Nikauondoa mshale, kisanduku nikakiacha kitupu.

Mara ya saba nilihesabu mwenyewe kwa vidole nyuma ya mgongo, moja, mbili, tatu, nikavuta pumzi bila kuambiwa na mtu, nikaingia sawasawa. Niliimba mpaka mwisho. Nyuma ya kioo kiongozi alinyanyua dole gumba, akainamia kipaza sauti chake, akacheka kwa raha.

"Hapo sasa," alisema masikioni mwangu. "Utadhani Kijiti mwenyewe yupo."